Namna ya Kuuelewa Ubishi wa Wajapani Juu ya Jeshi Lao, kwa Miguu Yako Mwenyewe Jijini Tokyo

Ukitaka kujua kama Japani inarudia utaifa wake wa zamani, na kama kweli inajizatiti kwa vita, usianzie kwenye video za dakika moja. Vaa viatu visivyobana, shuka stesheni ya Ichigaya asubuhi, utembee. Wizara ya Ulinzi, hekalu la Yasukuni linaloenzi wafu wa vita, makaburi ya Chidorigafuchi na Bunge viko kwenye njia moja ambayo mtu mwenye afya anaimaliza kwa siku moja, na karibu kila hoja utakayoisikia ina mahali pake kwenye njia hiyo. Mimi ni mkalimani, naishi Tokyo. Wageni wanaozungumza Kiswahili, wanafunzi, waandishi wa habari, mara nyingine maafisa waliokuja semina, huniomba niwapitishe. Haya ndiyo ninayowaambia.

Beba maswali matatu, usiyachanganye

Swali la kwanza: vita vilivyoisha mwaka 1945 vilikuwa nini, uvamizi au kujitetea? La pili: jeshi la leo lifanye nini, na liwe na silaha gani? La tatu: nani anahesabiwa kuwa mtu wa Japani?

Habari nyingi za nje huyafunga yote matatu kwenye furushi moja na kuliita utaifa. Ukifanya hivyo hutamwelewa Mjapani hata mmoja. Bibi aliyenipangisha nyumba alifiwa na baba yake Ufilipino, jina la baba liko Yasukuni, na kila masika huenda kumwombea. Bibi huyohuyo hampigii kura mgombea yeyote anayetaka kuigusa ibara ya 9 ya katiba. Mhandisi mmoja kijana niliyefanya naye kazi anataka makombora mengi zaidi kwa sababu ya China na Korea Kaskazini, lakini akisikia waziri ameenda Yasukuni anaona aibu. Ukiuliza swali moja tu, wote wawili utawaweka pasipo pao.

Kuhusu ibara yenyewe, jua haya kabla ya kutoka. Katiba ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947, chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani, na tangu siku hiyo haijabadilishwa hata neno. Ibara ya 9 inaikana vita kama haki ya taifa na kusema kwamba majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya angani hayatakuwepo. Lakini vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, Wamarekani haohao waliagiza kiundwe kikosi cha akiba cha polisi cha watu 75,000. Kikosi hicho kilikua, na tarehe 1 Julai 1954 kikawa Jieitai, Vikosi vya Kujihami. Kwa hiyo Japani ina manowari, ndege za kivita na vifaru, huku jeshi lenyewe halitajwi popote katika katiba. Kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote katika kila moja ya mabaraza mawili, halafu wingi wa kura za wananchi. Chama tawala cha LDP kimelitaka badiliko hilo tangu kilipoundwa mwaka 1955. Mpaka leo hakuna kura ya wananchi iliyowahi kuitishwa.

Anza Ichigaya, kwa wanajeshi

Watu wengi hukimbilia Yasukuni kwanza. Mimi nawapeleka wizarani, ili waanze na jeshi lililo hai kabla ya lile lililokufa. Ndani ya eneo la wizara kuna Ukumbi wa Kumbukumbu wa Ichigaya. Ziara zake ni za kuomba nafasi mapema, basi omba wiki kadhaa kabla, na chukua pasipoti.

Katika ukumbi huo, kuanzia Mei 1946 hadi Novemba 1948, viongozi wa Japani walishtakiwa kwa vita. Waliohukumiwa walikuwa 25, wote wakatiwa hatiani, na 7 walinyongwa Desemba 1948. Keti kidogo kwenye ukumbi huo. Ubishi wote wa swali la kwanza unaanzia hapo: kwa mrengo wa kulia, hukumu ile ilikuwa haki ya mshindi, kwa wengine, ndiyo mara pekee ambapo wakubwa walioamua waliwajibishwa kwa mamilioni ya waliokufa.

Kisha nenda kwenye chumba alichoingia mwandishi Mishima Yukio tarehe 25 Novemba 1970. Alimteka kamanda, akatoka roshani, akawahutubia wanajeshi waliokusanywa chini waasi ili katiba ibadilishwe na heshima ya Mfalme irudi. Wakamzomea. Akarudi ndani akajiua. Sipiti hapo bila kuwasimamisha wageni wangu, kwa sababu hadithi hii husimuliwa kama habari ya mwandishi mwenye wazimu, na waliozomea husahaulika. Jeshi la kizazi kile lilijua vizuri halikutaka kuwa nini.

Msijenge hitimisho juu ya hilo peke yake. Mwaka 2008 mkuu wa jeshi la anga, Tamogami Toshio, aliandika insha ya kudai kwamba Japani haikuwa mvamizi. Alifukuzwa upesi. Miaka sita baadaye aligombea ugavana wa Tokyo akapata kura zaidi ya 600,000. Hakushinda, lakini hizo ni kura nyingi kwa mtu mwenye jibu la namna hiyo kwa swali la kwanza.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna faida hapa ambayo wageni wengine hawana, kwa sababu jeshi hili lilishafika kwetu. Mwaka 1994 lilipelekwa Goma kuwasaidia wakimbizi wa Rwanda, ndege zake zikitokea Nairobi, na Tokyo ilibishana kwa uzito mkubwa kama askari wabebe bunduki moja ya rashasha au mbili. Kuanzia 2012 hadi 2017 wahandisi wake walikuwa Juba. Mapigano yalipozuka huko Julai 2016, kumbukumbu za kila siku za kikosi zilieleza hali halisi. Wizara ikasema zimetupwa, kumbe zipo, na Waziri wa Ulinzi Inada Tomomi akajiuzulu Julai 2017. Djibouti kuna kambi yao tangu 2011, ya kupambana na maharamia. Kutoka ubishi wa rashasha moja hadi kambi ya kudumu ng'ambo ni miaka 17. Mtu akikuuliza jeshi hili limebadilika kwa kasi gani, mpe mfano huo.

Yasukuni: ingia kwa mlango mkubwa

Kutoka Ichigaya fuata barabara ya Yasukuni kuelekea mashariki, kama robo saa. Usiingie kwa mlango wa kusini. Zunguka hadi upande wa stesheni ya Kudanshita, uanze chini ya lile lango refu la chuma la mita 25, kwa sababu ndivyo mahali hapa palivyokusudiwa kumwingia mtu: mti baada ya mti, lango baada ya lango, mpaka ujione mdogo.

Hekalu lilianzishwa 1869. Linaenzi majina takribani milioni 2.46 ya waliokufa wakipigania dola la Japani, wakiwemo Wakorea na Wataiwani maelfu kwa maelfu, ambao baadhi ya familia zao zimekwenda mahakamani kutaka majina yaondolewe. Hakuna mwili uliozikwa hapa. Oktoba 1978 makasisi waliingiza kimyakimya majina 14 ya wahalifu wa kivita wa daraja la juu, na habari zikajulikana mwaka uliofuata. Mfalme Hirohito alikuwa amefika mara ya mwisho Novemba 1975. Hakurudi tena, na Akihito na Naruhito hawajafika hata mara moja wakiwa wafalme. Mtu akikwambia kwamba kila Mjapani mwenye uzalendo lazima aje hapa, muulize kwa upole mbona Mfalme haji.

Ukisoma habari za hekalu hili, pima ngazi. Waziri Mkuu kuja mwenyewe ni ngazi ya juu kabisa: Nakasone alikuja Agosti 15 ya 1985, siku ya kumbukumbu ya mwisho wa vita, Koizumi mara kwa mara kati ya 2001 na 2006, Abe mara moja akiwa madarakani, tarehe 26 Desemba 2013. Chini yake ni kutuma tawi la mti wa sadaka wakati wa sherehe za masika au za vuli. Chini zaidi ni kulipa ada ya sadaka kutoka mfukoni kwa jina la kiongozi wa chama. Takaichi Sanae alikuwa akienda mara kwa mara akiwa waziri, lakini alijizuia kwenye sherehe za vuli za Oktoba 2025, siku chache kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Kila ngazi ni ujumbe uliopimwa kwa ajili ya Beijing, Seoul, Washington na wapiga kura wa nyumbani kwa wakati mmoja. Kichwa cha habari kinachosema tu kwamba kiongozi ameienzi Yasukuni hakijakuambia chochote.

Siku gani uje? Ukitaka kelele, njoo Agosti 15: utaona wazee na vijana waliovaa sare za jeshi la kifalme, bendera za jua lenye miale, magari meusi ya makundi ya mrengo wa kulia yenye vipaza sauti, na polisi wengi kuanzia Kudanshita. Siku hiyo simama kando, usibishane na mtu, usimwekee mtu kamera usoni. Ukitaka kuelewa, njoo siku ya kawaida katikati ya wiki. Makundi ya magari meusi yana sauti kubwa na watu wachache. Wenye nguvu huvaa suti. Nippon Kaigi, jumuiya ya mrengo wa kulia iliyoundwa 1997, ina wanachama takribani 40,000 tu, lakini wabunge wengi wa LDP wamo katika umoja wa kibunge unaoiunga mkono, na kazi yao huifanya kwenye kamati, mitaala na mikutano ya miji midogo. Ukiyaogopa magari ukawasahau wao, umetazama pasipostahili.

Yushukan: soma kibao kwa kibao

Jumba la makumbusho la Yushukan liko kulia ukielekea ukumbi wa ibada. Tenga saa mbili au tatu. Hapa ndipo ninapochelewa na wageni kuliko mahali pengine popote.

Katika ukumbi wa kuingilia, kabla hujakata tiketi, kuna ndege ya kivita ya Zero na garimoshi namba C56 31. Garimoshi hilo lilifanya kazi kwenye reli ya Thailand na Burma. Zaidi ya wafungwa 12,000 wa majeshi ya washirika na makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia walikufa wakiijenga. Kibao kinasimulia fahari ya chombo, vifo hakivitaji. Simama hapo mpaka uyaone yote mawili, chuma kilichosuguliwa kiking'aa na watu wasiotajwa, kwa maana jumba zima limejengwa kwa namna hiyo.

Ndani, pita haraka kwenye panga na samurai. Punguza mwendo vita vya Urusi vya 1904 na 1905, kwa sababu hapo ndipo fahari inapochukua sura ya kisasa. Kuanzia 1931, Japani ilipoivamia Manchuria, soma kila kibao na ujiulize nani mtendaji wa sentensi. Utaona Japani inasukumwa, inalazimishwa, inazingirwa. Vikwazo vya mafuta vya Marekani vya 1941 vina nafasi kubwa. Nanjing ya Desemba 1937, jeshi la Japani lilipouteka mji huo wa China, inapewa maneno machache kuhusu askari wa China waliojificha katika nguo za kiraia; raia waliouawa hawamo. Wanawake waliofanywa watumwa wa ngono wa jeshi, ambao serikali yenyewe ya Japani ilikiri habari zao katika tamko la Kono la Agosti 1993, utawatafuta bila kuwaona.

Mbele utakutana na ramani ya mataifa ya Asia yaliyopata uhuru baada ya vita, kana kwamba ushindi wa mwanzo wa Japani ndio uliowafungulia mlango. Mimi nimelelewa na watu walioujua ukoloni kwa migongo yao, na ramani hiyo hunikereketa kila ninapoiona. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, Taiwan tangu 1895. Aliyeshika nchi ya mwingine kwa miaka 35 hawezi kujiandikia cheti cha ukombozi.

Halafu unafika kwenye barua, kwenye topido ya Kaiten iliyoendeshwa na mtu aliyejua harudi, na kwenye kuta za picha, maelfu ya nyuso, wengi wao vijana wa miaka 19 na 20. Usipite haraka. Msomee mwenzako barua mbili tatu kwa sauti ya chini. Waliandikia mama zao. Majonzi ya hapo ni ya kweli na hakuna sababu ya kuyaonea haya. Ila ukitoka, jiulize jumba limekufanyia nini: limekutoa kwenye huzuni likakufikisha kwenye shukrani, bila kukupitisha kwa aliyewatuma. Wakubwa walioamua, mwishoni mwa 1944, kwamba rubani ni sehemu ya bomu, hawakuulizwa neno. Ninayeamini anawakosea wale vijana ni huyu anayewatumia leo kuwasafisha waliowaua.

Nje kuna mnara wa Radhabinod Pal, hakimu wa Kihindi wa mahakama ile ya Ichigaya ambaye peke yake aliona washtakiwa wote waachiliwe. Uliwekwa 2005, na mrengo wa kulia humtaja kila mara. Fahamu kwamba Pal huyohuyo aliandika kuwa ushahidi wa ukatili wa askari wa Japani ni mzito mno. Alichokataa ni uhalali wa mashtaka ya kupanga vita.

Chidorigafuchi, kisha Bunge

Vuka barabara, tembea kusini dakika kumi. Makaburi ya taifa ya Chidorigafuchi, ya mwaka 1959, yana mabaki ya watu zaidi ya 370,000 wasiojulikana majina. Ni ya serikali, hayana dini, na mara nyingi hutakuta mtu. Oktoba 2013 mawaziri wawili wa Marekani, Kerry na Hagel, waliweka maua hapa, na kila mwanadiplomasia alielewa: kuna mahali pa kuomboleza pasipo na wahalifu wa kivita. Chini ya miezi mitatu baadaye Abe akaenda Yasukuni, na ubalozi wa Marekani ukasema umesikitishwa.

Kutoka hapo fuata handaki la maji la kasri, pita Hanzomon, ushuke hadi Nagatacho liliko Bunge. Mwaka 1960 Waziri Mkuu Kishi Nobusuke, babu yake Abe, alipitisha kwa mabavu mkataba mpya wa usalama na Marekani. Waandamanaji walijaa hapa, mwanafunzi mmoja wa kike akafa Juni 15, na Kishi akaondoka madarakani. Mwaka 2015 mjukuu alipitisha sheria za kuruhusu jeshi kumsaidia mshirika aliyeshambuliwa. Agosti 30 waandalizi walihesabu watu 120,000 mbele ya Bunge, polisi wakasema takribani 30,000. Sheria zilipita Septemba 19, na mpaka miaka hii kuna watu wanaokusanyika hapa kila tarehe 19 ya mwezi. Panga ziara yako iangukie siku hiyo kama unaweza.

Utaona mvi nyingi. Zungumza nao, wanapenda kuulizwa. Wapo waliokuwa watoto usiku wa kuamkia Machi 10, 1945, mabomu ya moto yalipoua watu wanaokadiriwa kufika 100,000 Tokyo. Kwao amani haijatoka kitabuni. Kundi la wanafunzi lililong'aa mwaka 2015, SEALDs, lilijivunja mwaka mmoja baadaye, na pengo lililoachwa halijazibwa. Hilo linanihuzunisha kuliko bajeti yoyote.

Namna ya kuuliza watu

Usimuulize Mjapani kama anataka vita. Hakuna atakayekujibu ndiyo, na utakuwa umemtukana. Anza na tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Askari takribani 100,000 walipelekwa kaskazini-mashariki, wakachimbua maiti matopeni kwa mikono, wakawapikia watu chakula cha moto wakati wao wenyewe wakila cha makopo. Uchunguzi wa maoni wa serikali wa mwaka 2022 ulikuta watu 9 kati ya 10 wana picha nzuri ya Jieitai. Mzizi wake ni matope yale zaidi ya bendera.

Baada ya hapo uliza: mtoto wako akitaka kujiunga, utamruhusu? Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa ya kweli. Katika utafiti wa kimataifa wa maadili, Wajapani waliosema wangepigania nchi yao walikuwa takribani 13 kwa 100, kiwango cha chini kabisa duniani, na mwaka wa fedha 2023 jeshi liliajiri takribani nusu tu ya lengo lake. Taifa linalolipenda jeshi lake na kukataa kulipelekea watoto si taifa linalopiga ngoma za vita.

Usidharau hofu yao pia. Kombora la Korea Kaskazini lilipita juu ya Japani mwaka 1998, mawili mwaka 2017, jingine Oktoba 2022. Simu zililia alfajiri na watu wakaambiwa wajifiche. Meli za China huzunguka mwaka mzima visiwa vya Senkaku, ambavyo Japani inavitawala na China inavidai. Urusi ilipoingia Ukraine, Waziri Mkuu Kishida alisema Ukraine ya leo huenda ikawa Asia Mashariki ya kesho, na watu wengi wasio na mapenzi yoyote na Yasukuni walikubaliana naye.

Swali la mwisho liwe: babu yako alikuwa wapi wakati wa vita? Uliza hilo mkishazoeana tu. Wengi watasema hakusimulia. Nyamaza, mwache aendelee.

Swali la tatu lina njia yake

Mtanzania anayetaka kujua utaifa mpya wa Japani unafananaje asiende mbali. Asome yaliyoupata mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, mjini Yokohama, shirika la misaada la JICA liliiteua miji minne kuwa ndugu wa nchi za Afrika: Nagai kwa Tanzania, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana, Imabari kwa Msumbiji. Mtandaoni ukavuma uongo kwamba miji imetolewa kwa Waafrika na wahamiaji wanakuja kwa maelfu. Manispaa zikapigiwa simu mfululizo, watu wakaandamana, na Septemba 25 JICA ikaufuta mpango. Nagai ilikuwa na urafiki na Tanzania tangu michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Mwezi mmoja kabla ya hayo, chama cha Sanseito kilipata viti 14 katika uchaguzi wa baraza la juu kwa kauli ya Wajapani kwanza. Wakazi wa kigeni katikati ya 2025 walikuwa takribani milioni 3.95, kiasi cha asilimia 3 ya watu wote. Ukimuuliza aliyewapigia kura, mara nyingi hataanza na jeshi wala Yasukuni. Ataanza na mchele, ambao kilo 5 zilipita yeni 4,000 mwaka huo, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na mshahara usiopanda. Hasira ya tumbo imeelekezwa kwa mgeni. Namwogopa anayeielekeza kuliko anayenunua makombora, na nasema hivyo kama mtu anayepanda treni hizi akiwa na ngozi yangu.

Kusoma tarakimu

Kuanzia 1976 serikali ilijiwekea ukomo wa asilimia 1 ya pato la taifa kwa ulinzi. Nakasone aliuvunja rasmi miaka kumi baadaye, ingawa matumizi yaliendelea kuuzunguka. Badiliko kubwa ni la Desemba 16, 2022: yeni trilioni 43 kwa miaka mitano hadi 2027, lengo la asilimia 2, na uwezo wa kushambulia kambi za adui ndani ya nchi yake, yakiwemo makombora 400 ya Tomahawk. Oktoba 2025 Takaichi alisema lengo la asilimia 2 litafikiwa mwaka huohuo wa fedha. Ukiona namba hizo kumbuka kwamba Tomahawk hulipwa kwa dola na yeni imeshuka, kwa hiyo sehemu ya ongezeko humezwa na kubadilisha fedha.

Angalia pia nani atalipa. Watu wengi walikubali jeshi liimarishwe, na wengi walikataa kodi ipandishwe kwa ajili hiyo, katika miezi ileile.

Kila Mei 3, siku ya katiba, magazeti hutoa uchunguzi wa maoni. Usisome moja. Yomiuri hutetea mabadiliko na ilishaandika rasimu yake ya katiba mwaka 1994, Asahi hupinga. Soma maswali yao kabla ya majibu. Kuuliza kama katiba ibadilishwe ni kitu kimoja, kuuliza kama ibara ya 9 iguswe ni kingine.

Na neno la kiongozi lipime kwa sheria. Novemba 7, 2025 Takaichi alisema bungeni kwamba shambulio la kijeshi dhidi ya Taiwan linaweza kuwa hali ya kuhatarisha uhai wa taifa. China ilikasirika, ikawashauri raia wake wasisafiri Japani. Maneno yale si mbwembwe za jukwaani: ni sharti lililoandikwa katika sheria za 2015, na ndilo linalomruhusu Waziri Mkuu kupeleka jeshi vitani kumsaidia mwingine.

Ukibakiwa na nauli, nenda Okinawa

Tokyo hubishana kwa karatasi. Okinawa ina asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani na takribani asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini. Mwaka 1945 takribani mtu mmoja kati ya wanne wa kisiwa alikufa. Anzia Mabuni, mjini Itoman, ambako kuta zimeandikwa majina zaidi ya 240,000, ya Wajapani, Wamarekani, Wakorea na wengine, bila kuwatenga washindi na walioshindwa. Ulinganishe na Yasukuni, hutahitaji mkalimani.

Kisha, kama ratiba inaruhusu, panda ndege hadi Yonaguni, kilomita 110 hivi kutoka Taiwan. Februari 2015 wakazi walipiga kura kuhusu kambi ya Jieitai: 632 wakaitaka, 445 wakaikataa. Kambi ilifunguliwa Machi 2016, na jamaa waliopiga kura tofauti wanaendelea kukutana kwenye duka lilelile. Waliounga mkono walitaka watoto shuleni na watu wa kununua bidhaa. Waliopinga walisema kambi itakigeuza kisiwa kuwa shabaha. Machi 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwahamisha watu 120,000 wa visiwa hivi vya kusini, wakazi pamoja na watalii, ndani ya siku sita, kuwapeleka Kyushu na Yamaguchi. Waulize wenyeji kuhusu mpango huo kabla ya kuwauliza kuhusu katiba, na umtafute mfugaji umuulize ng'ombe wake wataachiwa nani.